Ndoo Arobaini na Mbili za Mzee Joram

Jumamosi ya tarehe 30 Juni 2018, Bwana Joram Ndirangu, mkuu wa wakaguzi wa mitende katika kampuni yetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka kumi na miwili na miezi kumi. Yeye mwenyewe husema ni miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi, hapa tutaandika kumi na mitatu na tuendelee na mambo mengine.

Alizaliwa Njabini, kule Kinangop, katika nchi ya viazi na kabeji ambako mwezi wa saba watu hulala na soksi. Hadi leo hatujui mtoto wa baridi kali kiasi hicho alikujaje kuwa bingwa wa mti unaopenda jua. Hakuwahi kuuona mtende kwa macho yake hadi mwaka 2003, aliposhuka Doha akiwa na miaka arobaini na mitano, koti la sufu mkononi, kuja kulinda mlango wa hoteli moja ya West Bay. Lile koti bado analo. Anasema atalivaa ndani ya ndege.

Mlangoni pa hoteli hiyo palikuwa na mitende sita. Zamu yake ilikuwa ya mchana, na kila mlinzi wa mchana hapa Doha hujua kivuli kinahamia wapi saa ngapi. Siku moja aliegemea mtende wa tatu, kofia mkononi, akasikia kitu kikitafuna ndani ya shina. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akamwambia anywe maji, jua limempiga. Akamwambia mtunza bustani, naye akamwambia vivyo hivyo. Wiki ya tatu upepo wa shamali ukavuma, na mtende ule ukalala kifudifudi mbele ya gari la bwana harusi. Hakuna aliyeumia, ila bwana harusi alifika ukumbini kwa miguu. Ndani ya shina mlikuwa mmeoza kabisa, umebaki uji tu.

Waliokuja kuuondoa mti huo walikuwa watu wa kampuni yetu, wakiongozwa na Bwana Kuriakose, ambaye leo ni meneja wetu na siku zile alikuwa msimamizi wa kazi za nje. Aliuliza ni nani aliyesikia. Alipoonyeshwa mlinzi mrefu aliyesimama kando akijifanya hayamhusu, akamwomba aje kwetu. Kubadilisha mdhamini, yaani mwajiri anayemshikia mgeni kibali cha kuishi, kulichukua miezi saba ya kwenda na kurudi, na tarehe mosi Septemba 2005 Mzee Joram alianza kazi bustanini akiwa na mpira wa maji na kofia mpya.

Kwa ajili ya wageni wetu watakaosoma programu hii wakisubiri chakula, tuseme kidogo kuhusu mdudu mwenyewe. Ni fukusi mwekundu wa mitende, ambaye wenyeji humwita susa. Urefu wake ni kama pingili ya kidole, na mdomo wake umechongoka kwa mbele. Hakuzaliwa nchi hizi. Aliletwa kutoka Asia ya mbali, amejificha ndani ya miche. Jike hutaga mayai kwenye jeraha la mtende, na viwavi wake huingia ndani wakala moyo wa mti polepole. Majani yakianza kuinama, mara nyingi huwa umechelewa. Ndiyo maana sikio la Mzee Joram lilikuwa na thamani.

Sikio hilo lina visa vyake. Mwaka 2010, akiwa amekumbatia mtende mbele ya jengo moja la ofisi huku amefumba macho, mwanamke mmoja aliita walinzi akisema kuna mtu amechanganyikiwa. Mlinzi aliyetumwa kumwondoa alikuwa Kevin, kijana wa Kisii, ambaye baada ya dakika tano naye alikuwa ameweka sikio upande wa pili wa shina. Picha yao ilisambaa kwenye simu za Wakenya wote wa Doha, na mke wa Mzee Joram, Mama Nyokabi, aliiona huko Njabini kabla hata mumewe hajajua kwamba amepigwa picha.

Si kwamba hakosei. Mwaka 2014 Wizara ya kilimo ilituletea kifaa cha kusikilizia mashina, chenye waya na skrini. Mzee Joram alikitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi. Katika hoteli moja, kifaa kilisema mtende ni mzima, naye akashikilia kwamba ndani mna viwavi wasiopungua hamsini. Mabishano yalichukua asubuhi nzima. Mwishowe fundi wa hoteli akaja kueleza kwa upole kwamba chini ya mtende huo mna pampu ya maji inayovuma. Mtende ukapona. Mzee Joram hakula chakula cha mchana siku hiyo, na aliyeweka picha ya pampu kwenye ubao wa matangazo hajajulikana mpaka leo, ingawa tunamshuku Collins, mwenzake wa bustanini.

Lakini sifa yake kubwa haikutoka kwenye sikio. Ilitoka kwenye kosa, na yeye mwenyewe aliomba kosa hilo liandikwe hapa, au asingehudhuria sherehe.

Mwaka 2007 ulianzishwa Mpango wa Pamoja wa Mitende. Serikali ilikuwa imechoka kupiga dawa mashambani huku hoteli zikificha mitende iliyougua nyuma ya kuta, na kampuni za bustani nazo zilikuwa zimechoka kusafisha kwao huku fukusi wakiruka kutoka kwa jirani. Wakakubaliana. Idara ya kilimo ingetoa wahandisi na dawa. Kampuni, hoteli na wenye mashamba wangetoa watu, magari na ukweli. Watu walipatikana mwezi huohuo, na magari pia. Ukweli ndio uliochelewa kufika, kwa sababu kila aliyekutwa na fukusi aliogopa kufungiwa.

Katika bustani yetu ya miche, nje ya mji kuelekea Umm Salal, zilitegwa ndoo arobaini na mbili. Kila ndoo ilizikwa nusu na kuvikwa gunia, ndani ikatiwa maji, tende zilizooza, na kichupa cha harufu inayomwita fukusi. Fukusi hupanda gunia, hutumbukia, hafi vizuri wala haponi, na kila wiki hutakiwa kuhesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kama bustani ina ugonjwa. Januari 2008 Mzee Joram alikabidhiwa ndoo hizo, akaonyeshwa zilipo, akaambiwa azitunze. Hakuna aliyemweleza kwa nini.

Basi Aprili ikatangazwa kwamba wahandisi wa Wizara watakuja Jumanne. Mzee Joram amelelewa na mama ambaye mgeni akikaribia, hata sufuria ya mbwa ilisuguliwa. Jumatatu alimchukua Collins, wakazitoa ndoo zote arobaini na mbili. Wakamwaga ule uchafu wenye kunuka, wakazisugua kwa sabuni na mchanga, wakazikausha juani, wakazivika magunia mapya na kutia maji safi. Waliomwona jioni hiyo wanasema alikuwa akipiga mluzi. Jumanne wahandisi walipita ndoo baada ya ndoo, na karani akaandika sifuri mara arobaini na mbili. Bustani ikapewa cheti cha usafi, kikagongwa muhuri, na miche mia sita ikapakiwa kwenye malori kwenda katika mashamba tisa.

Wiki sita baadaye, Mzee Joram alipelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Aliyefundisha ni Muhandisi Babikir, Msudani wa Wizara, mtu mpole anayezungumza kama anayehesabu shanga. Alipofika kwenye ndoo, akaeleza kwamba hesabu ya fukusi waliomo ndiyo habari yenyewe, na anayemwaga bila kuhesabu ameichoma habari. Collins, aliyekaa naye dawati moja, anasema Mzee Joram aligeuka rangi. Alikuwa amemwaga fukusi wengi mno. Na miche ilikuwa imeshaondoka.

Alirudi akamweleza Bwana Kuriakose. Bwana Kuriakose, ambaye ameruhusu sentensi hii kwa mkono wake, alimjibu kwamba cheti kimeshagongwa muhuri, kwamba bustani ikifungwa watu ishirini na sita watarudishwa makwao, na kwamba wa kwanza kupanda ndege atakuwa Joram. Alimwomba aache. Ndivyo ilivyokuwa: akinyamaza, mashamba tisa yataliwa, akisema, watu ishirini na sita, naye akiwemo, huenda wakapoteza kazi na ruhusa ya kuishi hapa. Wengine tulikuwa tumetoka kukopa nauli ya kuja.

Aliliwaza jambo hilo siku tatu. Alhamisi asubuhi alichukua ndoo moja, safari hii hakuigusa kwa sabuni, akaifunika kwa gazeti, akapanda basi kwenda Wizarani. Ndani mlikuwa na wiki nzima ya tende zilizooza na fukusi sitini na wanne. Abiria walianza kuhama viti. Kituo cha nne dereva alimshusha, na njia iliyobaki akaimaliza kwa miguu chini ya jua la Mei. Aliingia ofisini kwa Muhandisi Babikir akiwa amelowa jasho, akaweka ndoo sakafuni, akaeleza kwa Kiarabu cha bustanini na Kiingereza cha mlangoni. Muhandisi alifunua gazeti, akatazama, akaagiza chai mbili. Akamwambia arudi Jumapili kusikia uamuzi.

Alirudi chumbani kwake, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akafunga sanduku. Aligawa blanketi, sufuria na redio kwa wenzake wa chumba. Jumapili alipoambiwa asubiri kwanza, kamati ya Mpango itakutana, alilazimika kupita mlango kwa mlango akidai vitu vyake. Redio ilirudi. Blanketi bado liko kwa Collins.

Bustani iliwekwa karantini ya siku tisini, hakuna mche kutoka wala kuingia. Katika wiki ya kwanza ndoo zilinasa fukusi mia tatu na kumi na mmoja. Sisi wengine ishirini na watano tulikaa bila kujua tutabaki au tutarudishwa, na hasira zetu zote zilimwendea yeye. Collins mwenyewe, aliyesugua ndoo naye, alisimama kwenye basi la wafanyakazi akatangaza, "Mzee ametuchoma wasee, sasa ni airport direct!" Kiti cha kando yake kilibaki kitupu kila asubuhi. Wako waliomnyima salamu wiki kumi na moja, na kwetu sisi kumnyima mtu salamu ni kubaya kuliko kumtukana. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa mmoja wao.

Yeye aliomba kitu kimoja tu, apelekwe kwenye mashamba yote tisa akaikague ile miche mwenyewe. Wizara ikatoa gari, kampuni ikatoa mafuta. Shamba gumu lilikuwa la Abu Nasser, mzee wa Al Khor aliyekuwa amepanda miche yetu themanini kando ya mitende ya marehemu mama yake. Siku ya kwanza alimfukuza. Siku ya pili alimfukuza kwa adabu. Siku ya tatu alimkuta ameketi nje ya lango tangu alfajiri, akamfungulia, akafuata nyuma yake mti kwa mti. Miche kumi na mmoja ilikuwa na viwavi ikachomwa moto, na mtende mmoja wa yule mama ulikuwa umeanza kuingiwa ukadungwa dawa mapema, ukapona. Ndipo Abu Nasser akaleta kahawa. Alisema wakaguzi wengi wamepita kwake kumshtaki yeye, ila huyu ni wa kwanza kuja kujishtaki. Tangu hapo kila msimu hutuma katoni ya tende kwa jina la Mzee Joram. Katoni hiyo hufika mezani kwake ikiwa nusu, na kwa niaba ya ofisi nzima tunaomba radhi.

Jumla, katika miche mia sita, thelathini na saba ilikutwa na viwavi ikateketezwa. Muhandisi Babikir aliiambia kamati kwamba mambo yangeendelea kimya mwaka mmoja zaidi, mashamba hayo yangebaki visiki.

Septemba 2008 kamati ikatoa uamuzi. Hakuna mfanyakazi aliyerudishwa, na bustani ikafunguliwa. Ikawekwa na kanuni mpya: anayejitaja mwenyewe kwamba ana fukusi, au kwamba alikosea hesabu, atasaidiwa kwanza wala hatanyang'anywa kibali. Kanuni haina kikomo cha muda. Mwaka uliotangulia, hoteli na kampuni zilizoripoti zenyewe zilikuwa nne. Mwaka uliofuata zilikuwa mia moja na thelathini. Mwaka jana, katika mitende elfu kumi na nne iliyo chini ya Mzee Joram, tulipoteza tisa. Wengi hapa wanadhani kanuni hiyo ilitungwa na wanasheria. Ilitungwa kwa sababu ya mtu mmoja na ndoo yake ndani ya basi.

Alipandishwa cheo 2009, akawa mkuu wa wakaguzi 2012. Amefundisha wakaguzi sabini na wawili, wa kampuni yetu na wa kampuni tunazoshindana nazo, akikataa kubagua. Somo lake la kwanza halijawahi kubadilika. Humpa mgeni ndoo inayonuka na kumwambia, "Hii usioshe, hata kama rais anakuja."

Hapa ningepaswa kufunga kwa shukrani. Limebaki jambo moja, na siwezi kuliandika kwa kujiita mwandishi wa wasifu huu.

Karani aliyeandika sifuri arobaini na mbili ni mimi. Jumatatu ile Collins alikuja ofisini kwangu akicheka, akiwa na debe la mafuta ya kupikia limejaa fukusi hadi juu, kunionyesha maajabu. Mzee Joram hakujua maana ya wadudu wale. Mimi nilijua. Mwongozo wa Mpango ulipita mikononi mwangu, niliuchapa mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Jumanne nikashika kalamu nikaandika sifuri, nyingine chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Mei, na mwanangu wa miaka miwili alikuwa kwa mama yangu Siaya. Nilijiambia kwamba hesabu si kazi ya karani.

Pale Wizarani Mzee Joram aliulizwa kama karani alijua. Alijibu kwamba karani huandika anachoambiwa. Lakini alijua. Collins alikuwa ameshamwambia kuhusu debe. Amekaa miaka kumi meza moja nami, tukinywa chai ileile, amechangia karo ya mwanangu, amenifundisha hata kusikiliza mtende, na hajawahi kulitaja, si kwa utani wala kwa hasira. Wiki zile nilizomnyima salamu, watu walidhani namlaumu kwa kuhatarisha kazi zetu. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama usoni. Alikuwa amefanya nililoshindwa kufanya, na alikuwa na cha kupoteza sawasawa na mimi.

Jumatatu ya wiki hii nilipeleka barua kwa Muhandisi Babikir, chini ya kanuni ileile, nikijitaja kwa jina. Programu hii inakwenda kuchapishwa kabla jibu halijaja. Bwana Kuriakose ameisoma barua, akaniambia niuache wasifu ulivyo.

Mzee Joram, kampuni inakushukuru kwa mitende, na kwa wakaguzi sabini na wawili. Mimi nakushukuru kwa kunibeba. Nenda nyumbani kwa Mama Nyokabi na moyo mwepesi, maana siri yangu si mzigo wako tena. Tunakuombea afya, viazi vyema na usingizi mtamu kwenye baridi yenu, na maisha mema miaka yote iliyobaki.

Velma Akinyi
Karani wa kumbukumbu, bustani ya miche
Doha, Juni 2018